Kadi ya Ijumaa: shajara ya mradi wa kusoma nyumbani na shuleni, Maswa, 2024

Januari

Shule imefunguliwa na mvua bado haijakatika. El Niño imetunyeshea tangu mwishoni mwa mwaka jana. Mbuga zimejaa maji, na watoto wa ng'ambo ya mto wanafika siku ambazo mto umewaruhusu. Ni mwaka wa mtaala mpya pia, na darasa la kwanza ni miongoni mwa madarasa yaliyoanza nao.

Naanza shajara hii kwa sababu kikao cha walimu cha kufungua muhula kimekubali jambo ambalo nimeliomba muda mrefu: mwaka huu wazazi wa darasa la kwanza na la pili tutawaita kuzungumza juu ya kusoma kwa watoto wao, na siku hiyo hakuna atakayetaja mchango wa aina yoyote. Mimi ndiye mwalimu wa taaluma, na nafundisha Kusoma darasa la pili. Shule yetu ni ya serikali, wilayani Maswa, mkoa wa Simiyu, katika kijiji cha wakulima wa pamba na wafugaji. Watoto wengi wanaongea Kisukuma nyumbani, Kiswahili wanakikuta shuleni. Mimi mwenyewe ni mtu wa Masasi, kusini mwa nchi. Kisukuma changu ni cha salamu na cha sokoni.

Hesabu iliyonisukuma ni hii. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa; darasa langu limepita 100. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Nikitaka kila mtoto anisomee kwa sauti, mmoja mmoja, bila kufundisha kitu kingine chochote, kila mmoja anapata chini ya sekunde 18. Na mtoto hajifunzi kusoma kwa kuitikia "ba be bi bo bu" pamoja na wenzake mia. Anajifunza akisoma mwenyewe, na mtu amekaa karibu anamsikiliza. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. 6,000 zinakuja shuleni na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Inanunua chaki na karatasi za mitihani. Masikio hainunui, na masikio yako nyumbani.

Tatizo ni kwamba mzazi wa hapa akipata barua ya shule anajua ni moja kati ya mambo mawili: kuna mchango, au mtoto ameharibu. Wazee wananiambia haikuwa hivyo. Wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002, walibeba mawe na maji kujenga madarasa haya tunayofundishia, na waliyajua kuwa yao. Ulipokuja Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikafutwa, watoto walimiminika shuleni, na hilo ni jambo jema ambalo sitaki mtu alibeze. Lakini neno "bure" lilifika vijijini likiwa peke yake. Waraka Na. 3 wa 2016 ulieleza kazi ya kila upande, ya mzazi ikiwemo, ila mkutano wa kijiji ambako waraka ulisomwa wote mpaka mwisho sijausikia. Watu wakaelewa kwamba mtoto akishavuka uzio wa shule ni wa serikali.

Februari

Kikao cha kwanza kimefanyika Jumapili mchana, baada ya ibada, chini ya mkwaju ulio karibu na ofisi ya kijiji. Hatukukifanyia shuleni, na hilo tulilipanga. Mwenyekiti wa kitongoji alipiga mbiu, na wajumbe wa kamati ya shule walipita nyumba kwa nyumba. Kina mama walikuja wengi. Kina baba wachache, wamesimama nyuma na baiskeli zao.

Nilieleza hesabu ya sekunde 18. Kimya kiliingia. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, hata ungekuwa malaika?" Nikamjibu, "Ndiyo mzee, hata ningekuwa malaika." Hapo ndipo nilipoona wameacha kusubiri sehemu ya michango.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Kila Ijumaa mtoto anaondoka na kadi ya manila yenye ukubwa wa kiganja. Ya anayeanza ina silabi. Ya aliyesogea ina maneno. Ya aliyekwisha shika ina sentensi tatu au nne. Jumamosi au Jumapili mtoto anamsomea mtu wa nyumbani. Jumatatu kadi inarudi na alama ya msikilizaji.

Mama mmoja alisimama, mtoto mgongoni. "Mwalimu, mimi sikusoma. Nitamsahihishaje?"

"Usimsahihishe, mama. Msikilize tu. Akienda moja kwa moja bila kusitasita, chora duara. Akisimamasimama, chora mstari. Kusahihisha ni kazi yangu."

"Basi hilo naliweza," akasema, akakaa.

Hapa ndipo mradi wote ulipo. Shule nyingi zinamwandikia mzazi "msaidie mtoto kazi ya nyumbani," na mzazi asiyejua kusoma anaipokea hiyo kama kejeli. Anakaa kimya kwa aibu, sisi tunamwita mzembe. Ukimwomba kitu anachokiweza kweli, anakitoa.

Tumechagua pia wazazi wawili wawili kwa kila darasa, mama mmoja na baba mmoja, waingie kwenye Umoja wa Wazazi na Walimu (UWAWA). Simiyu ni miongoni mwa mikoa tisa ya Shule Bora, mpango wa kuboresha elimu ya msingi unaohimiza umoja kama huu, kwa hiyo UWAWA si jambo geni kwetu. Kwenye daftari la shule ulikuwepo. Sasa umepata kazi ya kufanya kila wiki.

Machi

Kadi zimelowa. Mvua ya Ijumaa moja tu ilitosha kuharibu karibu nusu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo nisingependa kuitawanya kijijini. Mama mmoja wa UWAWA akaja na jibu: viroba vilivyokwisha unga. Walivikata, wakavishona vifuko vyenye kamba ya shingoni, na maji hayapenyi kwa urahisi. Watoto wanavivaa kwa fahari kubwa, na sasa anayeonekana njiani Ijumaa bila kifuko anaulizwa na wapita njia.

Mwalimu wa darasa la kwanza amegundua kadi zinazorudi na maduara matupu wiki hadi wiki kutoka nyumba ambazo watoto wake hawatambui hata "ma". Tukauliza kwa upole. Wazazi walikuwa shambani kupalilia mpaka giza, na kaka au dada mkubwa alichora duara ili mdogo wake asipate shida. Baadhi ya walimu walitaka tupige marufuku kaka na dada. Mimi sikubaliani. Dada wa darasa la tano anayemsikiliza mdogo wake jikoni anafanya kazi nzuri kuliko baba anayechora duara huku anaongea na simu. Tulichobadilisha ni Jumatatu: tunachagua watoto wachache bila mpangilio, wanasoma kadi ile ile mbele yetu, na tunawauliza, "Nani alikusikiliza?" Jina linaandikwa. Mtu akishajua jina lake linafika shuleni, anasikiliza.

Jambo la pembeni, ila lina uzito darasani: watoto wa hapa wanaandika "balua" kwa "barua" na "lafiki" kwa "rafiki", kwa kuwa Kisukuma hakina r. Msikilizaji wa nyumbani hataliona kosa hilo, na sitarajii alione. Kadi zenye r nimezifanya za darasani kwanza, ndipo ziende nyumbani.

Aprili

Sikupanga kuandika mengi mwezi huu, lakini kuna bibi.

Kwenye kitongoji cha ng'ambo ya mto kulikuwa na kadi zilizorudi na zaidi ya alama. Mtu alikuwa anaandika pembeni, kwa herufi kubwa za kusimama wima: AMESITA HAPA. Mwandiko wa mtu mzima, si wa mwanafunzi. Mto ulipopungua nilikwenda.

Nilimkuta anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, akanipa kigoda, akaingia ndani na kutoka na kitambaa kilichofungwa. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima.

Vijana wenzangu tumesahau jinsi jambo hili lilivyokuwa kubwa. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma. Kuanzia 1968 mikoa ya Ziwa, Shinyanga ya wakati ule ikiwemo, ambayo Maswa ilikuwa sehemu yake kabla ya Simiyu kuzaliwa 2012, ilikuwa uwanja wa majaribio wa mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walijifunza kusoma kupitia kazi zao: kulikuwa na vitabu vya kilimo cha pamba, vya migomba, vya ufugaji. Katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilionyesha kwamba asiyejua kusoma ni kama mmoja kati ya kumi.

Bibi alijifunza kusoma akiwa msichana aliyeolewa karibuni, kwa kitabu cha pamba, jioni, kwa taa ya kandili. "Tulisoma kupanda kwa mistari," akaniambia, "na asubuhi tukaenda kupanda kwa mistari." Tangu hapo hakuna aliyemwomba asome chochote isipokuwa Biblia kanisani. Wajukuu wake wanne wako shuleni kwetu, na shule haikujua kwamba nyumba hii ina msomaji.

Nikamwuliza kama angekubali kuwasikiliza na watoto wa jirani, wale ambao kwao hakuna mtu mwenye nafasi. Akacheka. "Mwanangu, waje. Lakini waje na kuni moja moja."

Niliporudi tulianza kuwatafuta wengine. Tuliwauliza watoto swali moja: "Nyumbani kwenu nani anasoma?" Hatukuuliza kuhusu baba na mama peke yao. Walijitokeza kina bibi na kina babu wa kisomo, kijana aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri kazi, fundi baiskeli anayesoma magazeti ya zamani. Wako karibu katika kila kitongoji. Kwenye daftari la shule mtoto ana nafasi ya mzazi mmoja, na katika nyumba za Kisukuma anayekaa na mtoto muda mrefu kuliko wote mara nyingi si huyo aliyeandikwa.

Bibi ameongeza jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Kabla ya kusoma kadi anawapa hadithi, ya Kisukuma, ya sungura na fisi. Jumatatu namwomba mtoto mmoja aisimulie darasani kwa Kiswahili. Watoto ambao mwezi wa pili hawakufungua kinywa sasa wanapigania zamu, kwa sababu wanacho cha kusema. Kuna walimu wanaoona Kisukuma kama kizuizi. Nimeshuhudia mtoto anayeielewa hadithi vizuri kwa lugha ya kwao akitafuta maneno ya Kiswahili kwa bidii ambayo kitabu cha kiada hakijawahi kuiamsha.

Mei

Pamba imepasuka. Mahudhurio yameanza kushuka, na kila mwalimu wa hapa anaujua mwezi huu. Vidole vya watoto ni vyepesi kwenye kuchuma, na msimu wa kazi haungoji ratiba ya wizara. Tumezungumza na wazazi mapema, kupitia UWAWA, tukaomba kitu kidogo: watoto wa darasa la kwanza na la pili wasiende shambani asubuhi za siku za shule. Jumamosi ni yao. Wengi wamekubali. Wachache hawajakubali, na nawaelewa. Mjane mwenye ekari mbili na mvua za mwishoni zinazotishia kuichafua pamba haongozwi na hotuba yangu. Kwake walikwenda wanawake wenzake kumsaidia kuchuma. Hilo halikutoka shuleni. Walilipanga wenyewe.

Mifugo ni kesi ngumu zaidi. Nyumba yenye wavulana wawili inawapanga zamu: leo huyu anachunga, kesho yule. Mzazi anaona ametenda haki, maana wote wawili wanasoma. Kwetu darasani wote wawili wanapoteza nusu ya masomo, na anayekosa Jumatatu silabi mpya haelewi Jumanne inapounganishwa. Nililieleza hili kwenye mkutano wa kitongoji kwa kutumia kadi za ndugu wawili, kwa idhini ya baba yao: kadi zote mbili mistari mitupu, wiki baada ya wiki. Baba mwenyewe ndiye aliyesema kwamba nyumba tano zinaweza kuunganisha ng'ombe asubuhi na kuwachunga watu wazima kwa zamu. Wameanza. Tutaona kama itadumu hadi kiangazi, wakati malisho yakiisha na inabidi kwenda mbali.

Juni, kabla ya kufunga

Siku ya Kusoma. Zamani siku ya kufunga mwalimu anasoma majina: wa kwanza, wa pili, wa tatu, makofi, halafu wazazi wa watoto wa mwisho wanaondoka bila kuaga. Safari hii darasa la kwanza na la pili hatukusoma nafasi. Tulitandika mikeka, kila mzazi akakaa na mtoto wake, na mtoto akamsomea. Wazo hili linatokana na namna Uwezo, upimaji wa kusoma na kuhesabu ulioanzia kwenye shirika la Twaweza, unavyopima watoto: mpimaji anakwenda nyumbani kabisa, mtoto anasoma mbele ya wazazi, na wazazi wanajua pale pale.

Baba mmoja, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa, alikaa na binti yake wa darasa la pili. Binti akasoma silabi mbili, akanyamaza. Baba akasubiri. Akaangalia kadi, akamwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi. Nilikaa nao mkekani. Nilijua anaweza kumgombeza mtoto, au kunigombeza mimi, na yote mawili yangekuwa na sababu. Nikamwambia, "Baba, hii ndiyo hali ya leo. Mwezi wa pili hakujua hata hizi mbili. Anajua sauti; anaogopa kuunganisha. Likizo hii anahitaji mtu wa kukaa naye muda wa kunywa chai, kila siku."

Akauliza, "Kila siku?"

"Kila siku."

Akamgeukia binti yake akamwambia kitu kwa Kisukuma, taratibu, na binti akasoma tena. Silabi tatu.

Kina baba waliokuja ni wengi kuliko kikao chochote nilichowahi kukiona hapa. Nadhani sababu ni nyepesi: mtoto ndiye aliyemwalika. Barua hatukuandika. Kila mtoto alikwenda nyumbani na ujumbe wa mdomo: "Baba, njoo unisikilize."

Julai

Shule imefunguliwa. Msimu wa pamba uko kwenye mizani, na baada ya mavuno ni wakati wa ngoma, Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana, vumbi na manyanga mpaka jioni. Kadi za wiki mbili za kwanza zimerudi chache. Nilitegemea hivyo.

Lakini hesabu imepata mlango. Mwalimu wa Kuhesabu darasa la pili aliwaomba watoto waje na stakabadhi za zamani za pamba, za mwaka uliopita, kama wazazi wanaruhusu. Walisoma kilo, wakasoma bei, wakajumlisha magunia mawili. Wiki hiyo hiyo baba mmoja alimchukua mwanawe siku ya Jumamosi kwenye ghala la chama cha ushirika, akamwambia asome namba kwenye mizani kwa sauti. Alinieleza mwenyewe mnadani: "Alisoma sitini na mbili, na karani akaandika sitini na mbili." Sijaona mzazi aliyeridhika na somo la hesabu kiasi kile. Mkulima wa pamba ana mambo mengi ya kumfundisha mtoto kuhusu namba: debe, kilo, hatua za kupima shamba, idadi ya ng'ombe wanaotoka na wanaorudi. Tunaandaa kadi za hesabu za aina hiyo, ambazo mzazi ndiye mwenye jibu.

Agosti na Septemba

Miezi hii miwili shule nzima iko kwa darasa la saba na mtihani wao. Mradi umebebwa na UWAWA na mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye anastahili shukrani kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Uji umeanza kwa madarasa ya chini. Wazazi walipanga wenyewe kiasi cha mahindi kwa kaya, na mama wawili wa zamu wanapika. Nasisitiza jambo moja ambalo kamati ya shule imeliandika kwenye muhtasari: mtoto ambaye kwao hawakuleta mahindi anakunywa uji kama wenzake, na harudishwi nyumbani. Mchango ni mazungumzo ya watu wazima. Baadhi ya wazazi walinung'unika. Mwenyekiti wa kamati aliwajibu kwa swali: "Mtoto ndiye aliyekataa kutoa?"

Tumejaribu pia kundi la WhatsApp la wazazi. Wengi hapa wana vitochi, simu ndogo zisizo na WhatsApp, na walioingia ni wale wale ambao tayari wanakuja vikaoni. Tumeliacha liendelee kwa ajili yao, lakini ujumbe wa muhimu unapita kwa wenyeviti wa vitongoji na kwa watoto wenyewe.

Oktoba

Walimu wanatembelea nyumba. Tumegawana vitongoji, kila mmoja nyumba chache kwa mwezi, na sharti ni kwenda na habari njema kwanza. Mwalimu anaanza na kile mtoto anachokiweza: "Amesoma neno 'kisima' peke yake." Baada ya hapo tu ndipo yanakuja mengine, kama yapo.

Ziara hizi zimenifundisha mimi zaidi kuliko wazazi. Mtoto niliyemdhania mzito kumbe anatembea kilomita nyingi na anafika amechoka. Mwingine anayesinzia analala kwenye chumba cha mbuzi na kuwalinda usiku. Kuna binti anayeishi na dada yake wa darasa la sita peke yao, kwa sababu wazazi wamehamia na mifugo Katavi kutafuta malisho. Wawili hao wanapika, wanachota maji, wanakuja shule. Kadi zao zilikuwa zinarudi bila alama na mimi nilikuwa nazihesabu kama kadi za wazazi wasiojali. Sasa wanakwenda kwa bibi wa ng'ambo ya mto, na mtendaji wa kijiji ameandikisha kaya yao ili majirani wawe na jukumu linalojulikana.

Novemba

Tumewapima darasa la pili. Mwezi wa pili watoto wasiojua silabi hata moja walikuwa wengi kiasi cha kujaza madawati ya nyuma. Sasa ninaweza kuwataja kwa majina bila kuangalia daftari. Wanaosoma sentensi na kujibu swali juu yake wameongezeka, ingawa si kwa kiasi nilichotamani. Walioachwa nyuma karibu wote ni wa aina mbili: wanaochunga, na wanaoishi bila mtu mzima. Mpango wa kuunganisha ng'ombe ulikatika Agosti malisho yalipokwisha, kama tulivyohofia. Binti wa yule baba mwenye ng'ombe wengi anasoma maneno. Sentensi bado.

Uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika tarehe 27. Mwenyekiti wa kitongoji aliyetupigia mbiu Februari hayupo tena madarakani, na wajumbe kadhaa wa serikali ya kijiji ni wapya. Hili limetuonyesha kwamba mradi umekuwa ukiegemea watu wema, na watu wema wanabadilika. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Tumeomba, na mtendaji amekubali kuliwasilisha, kwamba taarifa ya kusoma ya madarasa ya chini iwe ajenda ya kudumu ya mkutano huo, kama ilivyo taarifa ya mapato na matumizi, na isomwe na mzazi wa UWAWA, si mwalimu.

Desemba

Shule imefungwa. Kadi za likizo zimekwenda, kila mtoto na fungu lake kwenye kiroba.

Ya Januari ni haya. Uandikishaji wa darasa la kwanza: kwenye fomu yetu ya ndani tumeongeza mstari unaouliza nani atakayemsikiliza mtoto akisoma, na nani mbadala wake. Manila na makapeni ya muhula mmoja yamenunuliwa. Ya muhula wa pili hayajapatikana. Kina bibi wasikilizaji wanahitaji miwani ya kusomea, angalau wawili kati yao, na UWAWA inazungumza na zahanati. Suala la mifugo litaletwa kwenye mkutano wa kwanza wa mwenyekiti mpya wa kitongoji, mapema, kabla ya kiangazi. Baba wa wale ndugu wawili wa zamu ndiye aliyeomba kulisimamia.